Mwaka wa Chombo cha Pili

Kijana alipiga hodi Jumapili moja baada ya misa, viatu mkononi kwa sababu ya matope ya barabara yetu, na badala ya bonjour akanisalimia, "Moyo wenu, tata," yaani habari zenu, baba. Salamu ya Kikasai ilikuwa haijasikika mlangoni pangu kwa miaka mingi. Alisema anaitwa Kabongo, anaendesha malori makubwa ya mgodi wa Fungurume, na mama yake alikuwa Ngalula. Aliposema "alikuwa" nilitafuta kiti. Amefia Mbuji-Mayi, kule Kasai, akaniambia, mvua za mwisho zilipokuwa zikikatika, na hakuteseka sana. Kisha akatoa simu akanionyesha picha: sanduku la marehemu limefunikwa kitambaa cha kufuma, na upande huu na huu wa kichwa chombo cha maua cha bronzi, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Nilivuta picha karibu na miwani yangu. Kwenye chombo cha kushoto, uso wa mzee mwenye ndevu hauna pua. "Hii njo mulifanya ninyi?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Mama alituelezea yote. Alisema mulipashwa kupanda naye treni, lakini bijana balifunga njia, hamukufika." Alinitazama kwa huruma, mtoto wa watu, akingoja nimsimulie hatari ile. Nikamjibu, "Njia ilikuwa mubaya siku zile," nikamwongezea chai. Hayo ndiyo niliyomwambia. Haya yafuatayo sikumwambia.

Mwaka wa treni hiyo nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilitaka jambo moja tu duniani, kumwoa Ngalula, binti ya Tata Mukendi. Yeye Tata Mukendi, Mkasai, alikuwa mkubwa wa fonderi ya kampuni ya shaba ya Kolwezi, Katanga, mahali pa kuyeyusha na kumimina vyuma vya mashine, na nyumba yao ilikuwa ya matofali mekundu katika mtaa wa wafanyakazi, safu ya tatu kutoka kisima. Nikifumba macho sasa hivi naingia sebuleni mwao bila kujikwaa. Viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma mgongoni, redio juu ya kabati, msalaba juu ya redio, na kando ya redio kile chombo cha kwanza, ambacho mhandisi mmoja Mbelgiji alimwachia Tata Mukendi alipostaafu akarudi kwao. Vilikuwa viwili kwa kuzaliwa. Cha pili kilipotea wakati wa vita, nyumba za wazungu zilipovunjwa. Kilifanywa Ulaya zamani, kwa kuiga vyombo vya Warumi wa kale: mizabibu imepanda shingoni, wanawake sita wanacheza wakizunguka tumbo, nguo zao zinapepea ingawa ni chuma, na pale mikono miwili ya chombo inaposhikana na mwili, chini ya kila mkono, uso wa mzee mwenye ndevu na majani ya zabibu kichwani, anacheka kilevi. Mimi niliyelelewa kati ya shaba sikujua kwamba shaba inaweza kucheka.

Mamu Mbuyi, mke wa Tata Mukendi, alikuwa na kesi na chombo hicho. Alikuwa mama wa Legio ya Maria, wa misa ya saa kumi na mbili, na mtu mmoja alikosea kumweleza kwamba ile ni kazi ya Warumi. "Baroma!" akasema. "Baroma njo balisulubisha Bwana Yesu, na weye unabaweka chini ya musalaba?" Tata Mukendi akasema hawa si wale wa Pilato, hawa ni walevi tu, hawana habari na mtu. Hawakuelewana mpaka wakafanya mapatano: mwaka mzima chombo kitazame watu, lakini Kwaresima ikifika, uso mmoja ugeuzwe kuelekea ukuta. Nikawa napenda kuuliza, hasa tukiwa mezani, "Mamu, na ule uso wa pili, unaotutazama sasa, hausulubishi?" Alinipiga na mwiko. Na chakula chao! Ugali kwetu tunasema bukari, wao wanasema nshima, wanachanganya unga wa mihogo na wa mahindi inakuwa ya njano. Kisamvu kwetu ni sombe, kwao matamba. Mamu Mbuyi aliniwekea bonge akisema, "Kula, Mukatanga, tuone kama utakufa." Ngalula alicheka akijifunika mdomo na kitenge. Yoo, jamani. Nimekula mahoteli ya Lubumbashi, nimekula harusi za mawaziri, sijala tena namna ile.

Siku niliyojikaza kusema, ilikuwa kiangazi, vumbi limekaa juu ya majani ya mipapai uani. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya Kifaransa ikanitoka yote. Nikasema tu, "Tata, minamupenda Ngalula." Tata Mukendi aliendelea kunoa kisu chake. Kisha akaniuliza kazi yangu ni nini, ingawa aliijua. Nikasema niko elektrolizi, kwenye mabwawa ya tindikali ambamo shaba inajikusanya bamba kwa bamba. "Basi shaba inajifanya yenyewe, weye unaangalia," akasema. Ngalula aliyekuwa nyuma ya mlango akacheka, nikamsikia. Tata Mukendi akaendelea, "Miye sitaki mbuzi, sitaki suti, sitaki nguo za Mamu. Ile vaze ya kando ya redio haina mwenzake. Ufanye ya pili kwa mikono yako. Siku utaniletea, nimwage maji ndani na isivuje, siku ile Ngalula ni bibi yako." Mamu Mbuyi akapiga kelele kutoka jikoni kwamba mwanamume huyu ana wazimu, nani ameona mahari ya Waroma. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kusema ndiyo. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Miezi iliyofuata ndiyo niliyoishi. Mingine yote nimeipitia tu. Kila siku nikitoka zamu ya asubuhi nilikwenda kwao, katika chumba cha nyuma kilichokuwa ghala la mahindi. Tata Mukendi alinionyesha njia mara moja, hakurudia. Kwanza tulikandamiza plasta juu ya chombo cha zamani, vipande vipande, kupata alama ya kila zabibu na kila kidole. Ndani ya alama hizo tulibonyeza nta, unene wa ukucha, kisha tukaunganisha vipande mpaka tukapata chombo kizima cha nta. Nta ilitoka parokiani, vibutu vya mishumaa ambavyo Mamu Mbuyi alivikusanya kwa miaka; alivitoa akiguna, akisema Mungu atauliza kwa nini mishumaa yake imekuwa ndevu za mlevi. Ngalula alipewa kazi ya kuunganisha, kwa sababu vidole vyake ni vyembamba. Alikuwa fundi cherehani, alizoea kushona bila kutazama. Alipasha moto kijiko, akakipitisha kwenye mshono wa nta, akapuliza, na mimi nilishika chombo kisitikisike, nyuso zetu karibu, harufu ya kanisa chumbani. Mlango uliachwa wazi, Mamu alihakikisha. Tuliongea mambo ya bure kabisa. Aliniuliza wale wanawake sita wanacheza ngoma gani. Nikasema mutwashi, ya kwenu. Akasema hapana, viuno vimekauka, hao wamejifunza kwa masista. Aliwapa majina ya mashangazi zake wote sita. Nikiwa peke yangu jioni niliyarudia majina hayo njiani, na sasa nimesahau mawili, na jambo hilo linaniuma zaidi ya magoti.

Tukajaza mchanga na udongo ndani ili pabaki uwazi, tukafunika nje kwa udongo wa kichuguu, tukaoka siku nzima mpaka nta ikatoka yote. Iliyobaki ilikuwa kumimina chuma. Hapa nilifanya kosa ambalo, nafikiri, ni mtu wa Kolwezi tu angeweza kulifanya. Nilikuwa na shaba ya elektrolizi, vinundu vinavyoota pembeni mwa mabamba, vinavyofagiwa chini kila zamu, vyekundu, safi kabisa. Kwetu usafi ndiyo dini. Bamba likikutwa na doa la kitu kingine linarudishwa, na mkubwa wa zamu anakutukana mbele ya watu. Kwa hiyo nilijiambia: hawa Warumi walichanganya shaba na madini mengine kwa sababu ya umaskini wao, hawakuwa na shaba yetu, mimi nitamfanyia Ngalula chombo cha shaba tupu, kitakachowazidi. Nilimwambia Tata Mukendi siku ya kuyeyusha. Akaniuliza, "Unajua unafanya nini?" Nikasema najua. Akakaa juu ya ndoo, akawasha tumbaku, akanitazama nikimimina. Tulipovunja udongo, mama yangu! Chombo kilikuwa na matundu kama mkate. Wanawake watatu hawana vichwa, zabibu hazikujaa, na maji yalipita humo kama kwenye kichujio. Ngalula aligeuka asione macho yangu. Nikauliza, kwa hasira, kwa nini hakuniambia. "Ningekuambia ungesahau," akasema Tata Mukendi. "Shaba ikiwa peke yake inakunywa hewa, halafu ni nzito, haiingii mu vikona. Inaomba mwenzake. Tuanze tena." Padri mmoja niliyemsimulia haya alitaka kuyafanya mahubiri, nikamkataza. Chuma ni chuma, watu ni watu, na mimi nilikuwa nimeharibu miezi minne.

Kwa maana miezi hiyo ndiyo tuliyopungukiwa. Tulipoanza nta ya pili mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, na kampuni ilikuwa ikifa mbele ya macho yetu. Mashine ikiharibika inavuliwa vipuri kuokoa nyingine, mshahara unachelewa, unga unapunguzwa. Na mtu akiwa na njaa anatafuta wa kumtupia lawama. Nilianza kuyasikia bafuni, mahali tunapooga tindikali baada ya zamu. Sauti za watu niliowajua, nyuma ya mvuke: bilulu wamejaa mahali pazuri pote, bilulu warudi kwao. Bilulu ni wadudu. Waliwaita hivyo Wakasai, watu ambao babu zao waliletwa kuchimba mgodi huo huo, ambao hawakujua Kasai ina milima au haina. Mwenzangu mmoja akaninyoshea kidole, akasema kwa kicheko, "Munyamaze, huyu Kalenga ameolewa kule." Wakacheka. Na mimi, nitasema nini, nilicheka pia. Nilijipaka sabuni, nikacheka. Jioni ile nilikwenda kwa Tata Mukendi nikala nshima yao na sikumtazama mtu machoni. Mamu Mbuyi alinishika paji la uso akidhani nina malaria.

Kisha mambo yakaenda mbio. Asubuhi moja Tata Mukendi alifika fonderi akakuta mtu mwingine amekaa kwenye meza yake. Wiki ile ile vijana wa kwetu Katanga walipita safu kwa safu wakiimba, wakipaka alama za chokaa milangoni mwa Wakasai, na familia zilizopakwa zikatoka na magodoro kichwani kuelekea stesheni. Nilikuwepo walipotoka akina Mukendi. Nilibeba kabati la redio, kisha nikarudia chombo chetu cha pili cha nta, nikakipeleka kwa mama yangu. Majirani walisimama kwenye vizingiti, wengine wakilia, na mmoja wao aliingia nyumbani kuchagua chumba kabla hatujafika barabarani. Stesheni ilikuwa imejaa watu mpaka kwenye reli, na treni ilikuja ilipotaka, wiki moja, wiki tatu. Walijenga kibanda cha turubai kando ya ghala la mizigo. Chombo cha kwanza kiliwekwa juu ya kreti, kikachukua vijiko na miswaki. Kwaresima ilifika wakiwa pale. Niliuliza, kwa kutafuta kicheko, kama uso utageuzwa. Mamu Mbuyi alikuwa akimkunia mtoto wa jirani mgongo. Akasema, "Muache. Naye sasa anafukuzwa."

Hapo ndipo Tata Mukendi alinipa kipande cha etani, madini meupe ya Manono, kidogo kuliko mche wa sabuni, ambacho alikuwa amekiweka kiunoni kwa kamba. "Sehemu tisa za shaba, moja ya hii. Usiongeze kwa kiburi, usipunguze kwa woga." Nikauliza kama mpango wetu ungalipo. Ngalula ndiye aliyejibu, akiwa amechuchumaa juu ya moto, "Weye unafikiri minakaa hapa mu mavumbi nangojea treni? Minangojea vaze." Basi nilifunika ile nta kwa udongo, nikaioka, nikafanya kazi kama mtu aliyerogwa. Yule bwana mpya wa fonderi alinipa kona, kwa sababu hakujua kuwasha tanuru na mimi nilimwashia. Nilimimina Jumamosi adhuhuri, peke yangu, na bronzi ilipoingia ilikwenda kimya, laini, kama mafuta, ikapanda mpaka mdomoni mwa udongo. Niliacha ipoe hadi Jumatatu. Nilipovunja nilikuta wanawake sita wote, vichwa vyote, vidole vyote. Pua moja tu haikujaa. Nilipiga magoti mbele ya walevi wale nikawabusu, na sijui kama Mamu Mbuyi angenisamehe.

Nilifika stesheni nimekifunga katika kitenge, na kabla sijafika kwenye turubai niliona watu wanakimbia. Treni ilikuwa imeingia, mabehewa ya mizigo, na ilisemwa itaondoka kabla ya saa kumi. Tata Mukendi aliweka ndoo chini. Katika fujo ile yote, watoto wanapitishwa madirishani, kuku wanapiga kelele, alikaa juu ya godoro lililofungwa, akamwaga maji ndani ya chombo changu, akangoja. Alipitisha kiganja chini. Kikavu. Alikigonga na pete, akasikiliza. "Pua imekufa," akasema, "lakini iko muzuri. Iko muzuri kabisa." Alikiweka kando ya kile cha zamani, akanitazama, macho yamejaa. "Ngalula, huyu ni bwana yako." Mamu Mbuyi akapiga kigelegele, sauti imekauka kwa vumbi, na wanawake wa vibanda vya jirani, ambao hawakujua ni cha nini, wakampokea. Ngalula alishika mkono wangu mbele ya baba yake. Nilijiona mrefu kuliko ghala. Ndipo Tata Mukendi akasema, "Behewa la tano. Nimekuandikisha, nafasi yako iko karibu na mulango, kuna hewa."

Sijui nilikuwa nimefikiri nini miezi yote ile. Nafikiri nilikuwa nimefikiri chombo kikiisha, mambo mengine yatajipanga. Kwamba atabaki, kwamba nitamficha kwa mama yangu mpaka watu watulie. Nikasema hivyo, kwa kigugumizi. Ngalula aliniachia mkono, si kwa hasira. "Kalenga, minabaki, halafu siku moja batoto betu baende shule baitwe bilulu? Na weye utafanya nini? Utacheka?" Hakujua juu ya bafuni, sikumwambia kamwe, alisema tu. Nikasema hapana, hapana, nitapanda, lakini sina nguo, acha nikachukue valizi. "Kwenu ni mbali?" akauliza Ngalula. Nikasema dakika ishirini. "Basi kimbia," akasema, akanisukuma kifuani na viganja vyote viwili, akitabasamu. Ndivyo ninavyomwona hadi leo.

Nilikimbia mpaka kona ya kwanza. Kisha nikatembea. Kwenye njia panda kulikuwa na kundi la vijana na fimbo zao, na mmoja alikuwa amesoma nami. Walinipisha, wakanisalimia, wakaniuliza habari za mama. Nikajibu nzuri. Nyumbani mama yangu alikuwa jikoni. Nilimwambia naondoka na treni ya Wakasai, nikingoja alie, apige yowe, ajitupe mlangoni, anizuie. Laiti angenizuia ningekuwa na mtu wa kumlaumu maisha yangu yote. Alinawa mikono akaja kunikunjia mashati. Alichagua yale mazuri. Akafunga valizi, akaiweka karibu na mlango, akasema, "Enda, mutoto wangu. Huyu binti eko na heshima." Nikakaa kitandani. Niliwaza kazi yangu, niliwaza Kasai ambako simjui mtu, niliwaza kwamba kule mimi ndiye nitakayekuwa mdudu. Mama alipita mara moja akaniangalia, akapita tena. Kwa mwoga huenda kicheko, walisema wazee, lakini nyumbani mwetu hakucheka mtu. Filimbi ya treni ilipiga mara ya kwanza, ndefu. Ilipopiga ya pili mama alisimama mlangoni, valizi kati yetu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nitakula. Nikanawa mikono, nikala. Bukari ilikuwa ya moto. Nikaomba nyongeza.